Vidole Begani kwa Bahiya

Jambiani
14 Januari 2006

Dada Bahiya,

Assalaam alaykum. Sisi tuliobaki huku wazima, alhamdulillahi. Barua hii utapewa na Jecha, yule dereva wa gari la mwani. Najua utajiuliza kwa nini mwalimu mzima mwenye simu ya mkononi anaandika barua kama watu wa zamani. Simu nimeizima, na nimeizima kwa ajili yako. Kwenye simu wewe hodari wa kulia, na ukilia mimi husahau nililotaka kusema. Karatasi hailii.

Siku ya Idd uliniuliza mbele za watu kwa nini navaa buibui langu na biriani bado haijateremshwa. Nikakwambia kichwa kinaniuma. Uongo mtupu. Kilichoniuma ni ile picha ya harusi ya Qais mliyoitundika ukumbini.

Niliiona nikiwa bado kizingitini, viatu sijavua, na mwanga wa dirisha unapiga kwenye kioo. Nikajitafuta. Kila mtu akiona picha ya jamaa zake huanza kujitafuta mwenyewe, hilo si dhambi. Nikamwona ndugu yetu Qais katikati na mkewe. Nikamwona mama yako, Bi Maha, amekaa kitini mbele, kidevu juu. Nikakuona wewe mwisho wa safu, upande wa kushoto. Mwisho wa safu, Bahiya! Na siku ile mwisho wa safu nilikuwa mimi. Nilisimama ubavuni kwako, mkono nimekuwekea begani, na mpiga picha akatuambia tusogeane, tukasogeana mpaka ukanikanyaga. Sasa mimi sipo. Vimebaki vidole vyangu tu, vimeng'ang'ania bega lako, havina mwenyewe, kama vya mwizi anayeparamia dirisha.

Na pembeni hapo hapo mtu kaweka jagi la maua ya plastiki ili hata hivyo vidole visionekane. Nililisogeza kwa mkono wangu. Nani aliyeliweka?

Baba yetu Hashil alioa wake wawili, Bi Maha mjini na mama yangu Mwatum huku shamba. Maisha yake yote alisema hana watoto wa mjini wala watoto wa shamba, ana watoto. Baba akaondoka, tukaendelea kuishi hivyo hivyo. Mama yangu nimemzika Disemba, hata arobaini yake haijafika, nyinyi mmeshashika mkasi. Mlikuwa mnangoja afe? Leo picha, kesho nyumba ya Kikwajuni. Watu huku wananiambia tangu matangani kwamba mke mdogo akishafukiwa, watoto wake hawana tena chao mjini. Niliwakemea. Sasa naona lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Mwenye macho haambiwi tazama, dada. Nimetazama.

Mdogo wako, kama bado,
Abeer binti Hashil


Kikwajuni
16 Januari 2006

Mdogo wangu Abeer,

Waalaykum salaam. Jecha kanipa barua yako mbele ya wateja, nikaifungua nikidhani ni habari za hitima. Nimeisoma nimesimama nyuma ya cherehani, mkasi mkononi, na nilipofika pale ulipotaja mkasi nikauweka chini kama umeniunguza.

Wallahi sikukukata. Picha za harusi zilikuwa kwenye sidii tangu Shaaban, hakuna aliyezichapisha. Tuliporudi kutoka matangani kwako, Mama akasema anataka moja kubwa ya ukutani. Akaitoa ile fremu ya mninga aliyoinunua marehemu Baba, ambayo miaka yote ilikaa kabatini haina kitu. Nikampelekea Kaniz Rehmtulla pale kwenye duka lake la picha sidii na fremu, nikamwambia nataka picha ya kuenea humo. Kuichukua alikwenda Mama mwenyewe, maana mimi nilikuwa nimezama kwenye nguo za Idd za watu. Alipokuja nayo nikaona umekatika. Roho ilinipasuka, lakini nikasema ni mashine. Mambo ya kompyuta haya, mashine inakata inavyotaka, haimjui nani ni nani.

Maua niliyaweka mimi. Niliona haya. Nilitaka Idd ipite salama, halafu niende nikachapishe nyingine kabla hujajua. Kwa hilo nikemee, nimestahili. Kwa mengine unanionea.

Nyumba hakuna aliyeitaja, Abeer. Wa kuitaja nani? Qais yuko na mkewe hawajui hata Ijumaa ni lini. Na Mama tangu uondoke hayuko sawa. Baada ya Alasiri anakaa ukumbini, anaitazama ile picha. Nilimwuliza, "Mama, Abeer kakasirikia nini?" Akanijibu, "Muwache. Ana haki yake." Basi nikashindwa kumchokonoa.

Washa simu, mdogo wangu. Sitolia.

Dada yako, bado na siku zote,
Bahiya


Jambiani
18 Januari 2006

Dada Bahiya,

Eti "ana haki yake"! Nimeyasoma maneno hayo mpaka karatasi imelegea. Mtu asiye na kosa hasemi kuwa mwenzake ana haki ya kukasirika. Husema, "Kakasirikia nini huyo?" Mama yako anajua jambo, na wewe ama unalijua ama umeamua kutolijua.

Hiyo hadithi ya mashine wape wateja wako. Mimi nafundisha hesabu. Mashine isiyojua nani ni nani ingekata pande zote mbili sawasawa. Kwa nini imekata kushoto tu? Nilitazama na kulia, usidhani nilikimbia kabla sijamaliza. Kulia hakukuguswa kitu. Umebaki mlango wa jikoni na nusu ya pazia, na hapo mlangoni yupo mpishi wenu wa kukodi, kajitanda kanga mpaka puani, sinia mkononi, anachungulia. Mpishi wa kukodi amepata nafasi ndani ya fremu ya Baba, na binti wa Baba hakupata! Mashine gani hiyo yenye akili namna hiyo?

Unasema uliona haya. Sawa. Lakini ulipoona umekatika mdogo wako, hukwenda kwa Kaniz kuuliza. Hukumwuliza mama yako. Ulitafuta maua. Hilo ndilo linaloniuma kuliko picha yenyewe, maana la mama yako ningelitegemea, lako sikulitegemea.

Hitima ya arobaini ni Ijumaa tarehe 27. Msije. Si wewe, si Qais, na zaidi si Bi Maha. Mama yangu atasomewa na watu waliomjua. Na baada ya hapo, kila mtu na kwao. Nitakuwa sina baba, sina mama, sina dada. Wako watu wameishi hivyo na hawakufa.

Abeer


Chukwani
20 Januari 2006

Shoga yangu Bahiya,

Karatasi uliyoipenyeza chini ya mlango wa duka nimeletewa huku Chukwani, ninakomwuguza mama. Duka nimelifunga mpaka apate nafuu. Umeniandikia kwa ukali, nami sijazoea ukali wako, kwa hiyo nakujibu yote.

Mashine yangu haikosi, na haikati mtu kwa kupenda kwake. Kamera tuliyopigia harusi ya Qais hutoa picha ndefu kwa ubavu. Fremu mliyoniletea ni ya inchi nane kwa kumi, imekaribia kuwa mraba. Picha ndefu haiwezi kuenea ndani ya kitu kifupi bila kupungua. Wewe fundi wa nguo, hilo hukosi kulielewa. Kwa safu ile, mtu mzima mmoja wa pembeni lazima aondoke, ama kila upande upoteze nusu mtu. Karatasi inalazimisha kukata. Wapi pa kukata, hapo ndipo mtu anapochagua.

Mimi sikuchagua. Mambo ya picha za familia za watu siwezi kuyabeba kichwani mwangu. Nilimngoja mwenye picha aje, na aliyekuja ni mama yako, peke yake. Nikamkalisha mbele ya kompyuta, nikamwonyesha kila namna. Tungeweza hata kuiacha picha nzima kama ilivyo, na karatasi nyeupe ikabaki juu na chini. Alikataa, akakasirika kabisa. Kisha akauliza maswali yake, akanyoosha kidole upande wa kushoto, akasema nikate huko. Nikamwambia, "Bi Maha, huyu si Abeer?" Akasema anajua ni nani.

Akanikataza nisikuambie wewe wala mtu yeyote. Sasa nimesema, na nitakuwa na uso gani mbele yake sijui. Lakini sikubali duka la marehemu baba yangu liambiwe linakata watoto wa watu.

Mwombee mama yangu.

Kaniz


Kikwajuni
21 Januari 2006

Mdogo wangu,

Nimeuliza na nimejibiwa. Nilikuwa nimekosea juu ya mashine. Naomba usinitake niseme zaidi kwenye karatasi. Ngoja nije mwenyewe tukae tuzungumze, mimi na wewe tu. Nakuomba kwa jina la Baba, lile neno la hitima ulirudishe.

Bahiya


Jambiani
22 Januari 2006

Bahiya,

Umejua na hutaki kusema. Basi umeshasema. Kama angekuwa Kaniz ungemtaja. Kama angekuwa Qais ungemtukana na kumtaja. Mtu pekee ambaye ungemfichia mimi ni aliyekuzaa.

Namwona yuko mbele ya kompyuta na kidole chake. Mama yangu alikuwa akimpelekea pweza mkavu na nazi kila mwezi, na mimi nikimwambia, "Mama, yule hakupendi," naye akinijibu, "We mtoto, yaso kwako usiyatie mdomo." Amekufa akiwa mjinga wa mapenzi ya watu. Namshukuru Mungu kuwa hakuiona picha hiyo.

Nimemwambia Jecha barua yoyote ya Kikwajuni asinipokelee. Hii ni ya mwisho.

Abeer


Kikwajuni
24 Januari 2006

Abeer,

Najua umemkataza Jecha. Nimemwambia huu ni mzigo, si barua, na mzigo hakukatazwa. Shikamoo yako siidai.

Jana usiku Bahiya kaja kanirushia barua zako mapajani, na ya Kaniz juu yake, huku analia, ananiambia, "Mama, umefanya nini?" Mwanangu mwenyewe! Nimetafuta miwani, nimezisoma zote. Nilianza kwa kucheka, uniwie radhi. Halafu nilipofika pale pa mpishi wa kukodi sikucheka tena.

Nilidhani umeondoka kwa jambo jingine. Nilidhani umemwona, ukachukia kuwa nimemtundika mama yako ukutani bila kukuuliza, naye alikuwa hataki kabisa kupigwa picha. Ndiyo maana nikasema una haki. Nimekaa chini ya picha ile siku zote hizi najilaumu, nasema nimemvunjia Mwatum stara yake. Kumbe hukumwona!

Fungua mzigo. Kioo nimekitoa ili mwanga usikusumbue. Mtazame huyo mpishi wako.

Siku ya harusi alikataa kukaa ukumbini. Alinambia, "Mie hao mabibi zako wa mjini siwawezi, nipe kisu nimenye viazi." Alishinda jikoni kutwa, ndiyo maana hukumwona na nguo ile. Mchuzi ukamrukia kanga yake yote. Nikaenda chumbani, nikachukua doti yangu mpya niliyoiweka kwa ajili ya siku ya mwanangu, nikaikata katikati. Kipande kimoja nikajitanda mimi, kimoja nikampa yeye. Nani umemwona anagawana doti moja na mtu? Nyinyi mkituita wake wenza mkadhani mmeshamaliza kutujua. Nitazame nilivyokaa kitini, kisha mtazame aliye mlangoni. Kanga ni moja.

Mpiga picha alipokuwa anawapanga, alitoka na sinia la maandazi, akasimama mlangoni kuchungulia. Hakujua kama anaingia ndani ya picha. Angejua angekimbia.

Kwa Kaniz mimi ndiye niliyemwona, kwenye kompyuta. Kaniz akasema, "Huyu wa mlangoni ni wa jikoni tu, tumtoe yeye, Abeer abaki." Nikamtazama mpaka akainamisha kichwa. Akasema basi tukate nusu na nusu. Nikamwambia nusu mtu hawekwi ukutani. Akasema tuiache nzima, tuzungushie nyeupe juu na chini. Abeer, mama yako nilimkosha mimi na kumvisha sanda kwa mikono yangu, ulikuwepo. Nyeupe juu na chini sikuweza kuitazama. Labda ni ujinga wa kizee, lakini sikuweza.

Nikamwuliza Kaniz, "Huyu wa mlangoni yumo katika picha nyingine yoyote?" Akazitafuta zote za harusi. Hayumo. Nikauliza, "Na huyu binti wa kushoto?" Akasema tele. Basi nikamwambia akate aliye hai. Aliye hai tutampiga nyingine.

Nilimkataza asiseme kwa sababu nilitaka wewe ndiye uwe wa kwanza kumwona. Nilijua nyumbani kwenu hamna picha yake. Niliitundika mkabala na mlango ili uingie siku ya Idd umkute anakungoja. Wewe ukaingia, ukajitafuta, ukaenda zako. Mwenye macho haambiwi tazama, umeandika, na mwalimu wewe! Haya, tazama.

Umesema hitima wasome waliomjua. Mimi nakuja. Ukinifungia mlango nitakaa barazani kwako na msahafu wangu, watu wapite wanione.

Maha binti Salim


Jambiani
25 Januari 2006

Mama Maha,

Shikamoo. Hukuidai, lakini ipokee.

Nimeufungulia mzigo chumbani kwa Mama, nikausogeza dirishani. Nilimjua kwa mkono kabla ya uso. Ule mkono unaoshika sinia, wenye vidole vilivyoliwa na chumvi na kamba za mwani. Na kanga ameiuma kwa meno, ndivyo alivyokuwa akifanya kila mikono yake ikiwa na kazi. Nilimwona akifanya hivyo maisha yangu yote, na bado nikapita mbele yake nikamwita mpishi wa kukodi. Nimelia mpaka majirani wakaja kuniuliza nani tena amekufa.

Tangu tumzike nilikuwa naogopa jambo moja ambalo sikumwambia mtu. Sura yake ilikuwa imeanza kunipotea. Sauti ninayo, harufu ninayo, lakini sura nilikuwa nikifumba macho inakuja nusu. Wewe ulikuwa nayo ukutani unaningojea, na mimi nikakutukana kwa barua tatu. Nisamehe. La nyumba pia nisamehe, lilikuwa la watu na mimi nikalipa mdomo.

Kuna kitu labda hujakiona. Mama hamtazami Qais, wala bibi harusi, wala wewe uliyevaa kanga moja naye. Macho yake yamekwenda upande wa pili kabisa. Nimechukua rula ya skuli, nikaiweka kutoka jichoni mwake na kuivutia kule anakotazama. Imepita juu ya vichwa vyenu vyote, ikaishia begani kwa Bahiya, kwenye vidole vyangu.

Kaniz asichapishe nyingine. Nitakuja nayo hii mwenyewe, irudi pale pale ilipokuwa, na mwambie Bahiya vile vidole ni vya mdogo wake, asivifunike tena kwa maua. Simu nimewasha. Aruhusiwe kulia.

Ijumaa njooni asubuhi mapema, msingoje watu. Wali wa hitima unapikwa hapa na mimi sijui kipimo cha watu wengi, aliyekuwa akijua ni yeye, na baada yake ni wewe.

Kipande chake cha kanga nimekikuta kwenye mkoba wake, amekifua, amekikunja, hajakivaa tena tangu harusi. Wewe njoo na chako. Chake nitakivaa mimi.

Mwanao,
Abeer